Sinema za Mambo Ambayo Hayajafika

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumanne, daktari wa macho mjini Nyeri alizima taa yake ndogo, akasukuma kiti nyuma, akamwambia dada yangu kwamba jicho la kulia lilikuwa limekwisha na la kushoto lilikuwa likifuata. Nakumbuka saa hiyo kwa sababu niliitazama ukutani badala ya kumtazama yeye. Ni tabia yangu: jambo likiwa kubwa, natafuta kitu cha kupima.

Daktari alikuwa mpole na alieleza kwa utaratibu. Ugonjwa ni presha ya macho. Unaibana neva inayopeleka picha kwenye ubongo, na sehemu ya neva ikishakufa hairudi. Kuona kunapungua kutoka pembeni kuelekea katikati. Matone yangepunguza mwendo wa ugonjwa, yasingeurudisha nyuma. Jicho la kushoto lingeweza kumaliza mwaka, au lingeweza kufungwa kabla ya mavuno ya kahawa kwisha, hakutaka kuahidi. Dada yangu alimshukuru, akauliza matone ni mara ngapi kwa siku, akakaza kitambaa chake kichwani, tukatoka.

Tuliingia hoteli moja karibu na soko, tukaagiza chai na maandazi. Yeye amenizidi miaka tisa. Ni mjane, analima kahawa Gakindu katika shamba aliloachiwa na mumewe, na watoto wake wako Nairobi na shughuli zao. Mimi ni mweka stoo katika duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini. Naishi mtaa wa Skuta, na shule niliiacha kidato cha pili. Ninayoyajua zaidi ya hapo nimeyapata katika vitabu vya mtumba vinavyouzwa kando ya barabara, na katika sinema. Hasa sinema za aina moja, zile ambazo watu wanaziita za kisayansi: za vyombo vinavyosafiri kati ya nyota, za mashine zinazofikiri, za mambo ambayo hayajafika. Nimezitazama kwa zaidi ya miaka thelathini. Jamaa zangu wote wanajua, na hakuna aliyewahi kunisifu kwa hilo.

Dada yangu alichovya andazi kwenye chai. "Wewe profesa," akasema, "zile sinema zako za watu wa chuma bado uko nazo?"

"Ninazo."

"Nataka unionyeshe."

Nilidhani ananichokoza, kama kawaida yake. "Tangu lini wewe unapenda sinema?"

"Sijasema napenda. Sikia, mtoto wa mama." Ananiita hivyo akiacha mzaha, kwetu ni namna ya kusema ndugu wa tumbo moja. "Vitu vya hapa navijua. Nikifunga macho naona mlima, naona ng'ombe yangu, naona shamba mti kwa mti. Naona hata uso wako, na sijaomba. Hivyo havitapotea. Lakini kitu sijawahi kuona, nikishaingia kwa giza nitakitoa wapi? Nataka niingie na mzigo."

"Ukitaka mzigo, si nikupeleke Mombasa uone bahari?"

"Bahari niliona kwa kalenda. Mimi nataka ile haiko kwa kalenda." Akamaliza andazi, akapangusa vidole. "Nichagulie zile nzuri kuliko zote. Usiniletee takataka. Jicho ni moja."

Nilirudi kazini saa sita na sikuweza kuhesabu hata misumari. Lazima niseme wazi kilichokuwa kikinisumbua, kwa sababu hakikuwa huzuni peke yake. Kwa miaka hiyo yote nilikuwa nimezuru nchi hizo peke yangu. Nimekaa katika chumba changu Skuta nikaona majua matatu yakichomoza pamoja, kisha nikaamka asubuhi nikaenda kupokea saruji, bila mtu hata mmoja wa kumwambia. Sasa mtu wa damu yangu alikuwa ameomba kuja. Alikuwa anakuja akiwa na jicho moja lililobaki kwa muda usiojulikana, na mimi ndiye niliyepaswa kuamua lingetazama nini.

Huwezi kuchagua bora katika kundi kabla ya kujua mipaka ya kundi lenyewe. Hapo ndipo nilipoanzia, na hapo palikuwa na kazi ya miaka tayari. Nilipokuwa kijana nilisema sinema ya kisayansi ni ile yenye vyombo vya angani. Maana hiyo ilianguka mapema, kwa sababu kuna zilizo nzuri sana ambazo hazitoki nje ya chumba kimoja. Baadaye nikasema ni sinema inayohusu wakati ujao. Nayo ikaanguka, kwa sababu nyingine zinatokea zamani, na nyingine zinatokea leo. Maana ya tatu nilikaa nayo muda mrefu: ni sinema inayokubali kitu kimoja ambacho hakijawahi kuwepo, kisha inatii sheria za dunia katika mengine yote. Ndiyo inayoitenga na sinema za majini. Jini halihitaji betri. Katika sinema ya kisayansi iliyo ya kweli, kila kinachoruka kinakunywa mafuta ya aina fulani, na mtu fulani ameyalipia.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Gakindu na nikamkuta dada yangu katika uwanja wa kiwanda cha kahawa. Mavuno makubwa hayakuwa yameanza, ila kulikuwa na matunda machache ya mapema, na yeye hangojei. Hapo kila mkulima, kabla ya kupima, anamwaga kahawa yake juu ya gunia lililotandazwa chini, anachuchumaa na kuichambua. Nilichuchumaa karibu naye. Kando yake alikuwa jirani yake, mama mmoja mwenye sauti kubwa, naye akichambua yake.

Nilimweleza dada yangu ile maana ya tatu, polepole, kwa mifano. Alisikiliza bila kuinua kichwa. Kwa kuwa jicho la kulia lilikuwa halifanyi kazi tena, alikuwa ameugeuza uso upande, kama kuku anayeangalia punje.

"Kitu hakijawahi kuwepo," akasema, "na mengine yote ni ya kawaida."

"Ndiyo."

Jirani akadakia. "Basi yale maji ya mfereji tunaahidiwa kila kura ni sinema."

"Na hiyo iko na sehemu ya pili na ya tatu," dada yangu akasema. Wanawake wa karibu wakacheka. Halafu akanionyesha gunia lake kwa kidole. "Profesa, wewe unatafuta nzuri. Hapa hakuna mtu anatafuta nzuri, utamaliza siku. Unatoa mbaya. Mbichi weka huku. Iliyokauka kwa mti, hiyo ni mbuni, weka kando. Iliyotobolewa na mdudu, tupa. Ukimaliza kutoa, ile imebaki ndiyo hiyo. Hata huhitaji kuijua jina."

"Na mbuni mnaitupa?"

"Haitupwi. Inauzwa bei ya chini, na mwenyewe anaona haya."

Nilirudi Skuta nikafanya hivyo hasa. Nilimwaga zote kichwani, nikaanza kutoa. Nikatoa kila sinema ambayo shida yake inamalizwa na bunduki kubwa kuliko ya adui. Nikatoa zile ambazo mashine inapata uwezo mpya kila mara mwandishi anapokwama. Nikatoa zile ambazo ndani yake hakuna mzee hata mmoja, wala mtu anayepika, kana kwamba miaka elfu ijayo binadamu watakuwa wote na miaka ishirini na mitano na hawali. Hapo nyingi nilizozipenda ujanani zilikwenda upande wa mbuni, na niliona haya kidogo. Zilibaki saba.

Hizo saba nikazipanga. Hapa ndipo nilipokosea, ingawa wakati huo nilijiona mwenye busara. Nilizipanga kutoka ya chini hadi ya juu, moja kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumapili, ili ile iliyo kuu kuliko zote iwe ya mwisho. Sisi tumelelewa na kahawa. Unapalilia, unachuma, unachambua, unapeleka, kisha unangoja miezi mingi, na malipo makubwa yanakuja mwisho wa yote. Nyumbani kwetu kila kitu kizuri kilipangwa baada ya malipo: sare mpya, mabati, harusi. Sikufikiri kwamba kuna namna nyingine ya kupanga.

Jumapili ya kwanza nilifika baada ya yeye kutoka kanisani. Alikuwa amevuta mapazia ya sebule na kuondoa vitambaa vya kufuma mezani ili kompyuta yangu ndogo isiteleze. Alikaa kitini, mikono mapajani, kama mtu anayengoja kupigwa picha.

"Hii ndiyo ile nzuri?" akauliza.

"Hapana. Ile nzuri ni ya mwisho."

"Mbona?"

"Ukiiona kwanza, nyingine utazidharau."

Akatikisa kichwa. "Haya. Wewe ndiye uko na funguo ya stoo."

Hiyo ya kwanza inahusu jiwe kubwa la angani lililochimbwa ndani, na watu wanaoishi humo wakisafiri kwa vizazi vingi hadi wengine hawaamini tena kwamba kuna wanakokwenda. Nilikuwa na hofu kwamba angelala. Hakulala. Katikati akauliza, "Na hawa wakikufa wanazikwa wapi?" Nikamwambia angoje. Baada ya dakika kumi sinema ikajibu: wanazikwa chini ya miti ya matunda, na jina la mtu linaitwa kila msimu wa kuchuma. Alivuta pumzi ndefu. Ilipokwisha akasema, "Mbivu." Lilikuwa neno moja tu. Nilitembea hadi stendi kama mtu aliyepandishwa cheo.

Ya pili ilihusu mtaalamu anayebuni mbegu ya maharagwe isiyokufa kwa ukame, lakini mavuno yake hayaoti yakipandwa tena, na nchi nzima inabaki ikimngoja mtu mmoja kila msimu. Niliipenda kwa umakini wake. Dada yangu aliitazama yote, uso ukiwa mkali.

"Hii si ya kwako," akasema. "Hii ulichukua kwa kundi lingine."

"Kwa nini?"

"Umesema ni kitu hakijawahi kuwepo. Mbegu ya kununua kila mwaka? Toka hapa uende kwa duka yoyote."

"Ilipotengenezwa, mbegu hiyo ilikuwa haijafika."

"Kwa nani?"

Njiani kurudi mjini nililigeuza swali hilo pande zote. Nilikumbuka kwamba nilipokuwa mtoto, mtu angesema siku moja mama zetu watapokea pesa hewani kupitia kitu cha kushika mkononi, tungemwita mwendawazimu. Leo dada yangu analipa wachumaji wake hivyo hivyo na halioni kuwa jambo. Kwa hiyo maana yangu ya tatu ilikuwa na tundu. Sinema ya kisayansi haiwezi kupimwa kwa kitu chenyewe tu. Lazima uulize anayetazama amesimama wapi, na kitu hicho kiko umbali gani kutoka mlangoni kwake. Nilimpigia simu Jumatano nikamwambia. Akasema, "Sawa, lakini hiyo ya maharagwe bado ni mbichi."

Ya tatu ni ya zamani, haina rangi. Mtu mmoja katika nchi ya baridi anatengeneza mashine inayosikia sauti za jana, kisha za mwaka jana, kisha za utoto wake. Haioni kitu, inasikia tu. Sehemu kubwa ya sinema ni uso wake akisikiliza. Dada yangu aliniomba nirudishe nyuma mara mbili pale anaposikia mama yake akifagia. Ilipokwisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili alinipeleka katika jumba la sinema la mjini Nyeri, ambalo leo ni duka la magodoro. Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Siku zote nimeamini kwamba tulitazama pamoja.

"Mimi sikuona hiyo sinema," akasema. "Nilikuwa nimegeuka nyuma. Kulikuwa na mwanga unatoka kwa kashimo kule juu, na vumbi inacheza ndani. Nikasema, kumbe watu wote hawa na mapigano yao wanatoka kwa vumbi hii. Niliangalia hiyo mpaka taa zikawashwa."

"Saa mbili nzima?"

"Shingo iliniuma wiki moja."

Basi hata siku ile nilikuwa nimetazama peke yangu.

Ya nne ilichelewa. Mavuno makubwa yalianza na kila mtu Gakindu alikuwa shambani au kwenye foleni ya mizani; Jumapili alikuwa amechoka mno hata kukaa. Jumapili iliyofuata mimi nilikuwa katika hesabu ya stoo, ambayo mwenye duka hakubali kuiahirisha. Nilimwambia dada yangu tusiharakishe, sinema haziozi. Nilisema hivyo kwa simu, nikiwa nimesimama kati ya mabomba na mabati.

Tulipokutana tena nilimwona akigonga bega kwenye fremu ya mlango wake mwenyewe. Alicheka na kuuambia mlango, "Wewe nawe, umesogea lini?" Alipomimina chai, aliweka kikombe nusu nje ya meza na nikakidaka. Ya nne tuliitazama, lakini hakusema mbivu wala mbichi. Ya tano, wiki mbili baadaye, aliondoa kiti chake karibu na meza akakaa mbali, karibu na ukuta. Nilidhani anaficha aibu ya kutoona. Nikakirudisha kiti mbele. Alikaa kidogo kisha akakisogeza nyuma tena. Sinema ilipokwisha nilimuuliza kama ameona vizuri. Akasema ameona vipande.

Usiku huo nilijua kwamba mpango wangu umezidiwa mwendo na ugonjwa. Zilibaki mbili. Niliamua kuiacha ya sita na kwenda moja kwa moja kwenye ile iliyo kuu, na kwa kuwa jicho lilikuwa dhaifu, niliamua aione kwa ukubwa ambao hata mtu mwenye jicho bovu angeuona. Ilikuwa hesabu rahisi, na ilikuwa na kosa.

Mjini kuna mama anayekodisha mahema, viti na vipaza sauti kwa harusi na matanga, na ana projekta. Bei yake ni kwa siku. Siku inaanza anapokupa na inaisha saa moja jioni, na ukipitisha hapo ni siku nyingine. Niliichukua Jumapili asubuhi, nikaifunga kwa blanketi. Sebule ya dada yangu haina ukuta mtupu, kwa hivyo tukatumia ghala lake, chumba cha mabati kisicho na dirisha kilichojaa mbolea, majembe na magunia matupu. Nilitundika shuka jeupe kutoka pembe hadi pembe. Nikampangia magunia akae, nikafunga mlango, nikawasha.

Sinema hiyo inahusu mwanamke anayelinda kituo cha kusikiliza katika sayari kavu iliyo mbali sana. Habari kutoka kwao zinachukua miaka mingi kumfikia. Anapokea salamu za mtoto aliyezaliwa, na anajua mtoto huyo sasa ni mzee. Anapokea ugomvi wa ndugu zake kuhusu shamba, na anajua waliogombana wamekwisha kuzikwa. Anajibu kila salamu, kwa adabu, kana kwamba wapo. Hakuna vita ndani yake. Nimeitazama mara nyingi kuliko nyingine zote, na sikuwahi kukutana na mtu mwingine aliyeiona.

Inaanza kwa uwanda mweupe unaojaza picha yote, na mwanamke, mdogo sana, akitembea kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kwenye shuka lile ulikuwa uwanda mkubwa kuliko nilivyowahi kuuona. Nilisahau hata kilichonileta. Kisha nikamgeukia.

"Unaona?"

"Naona nyeupe."

"Na mtu?"

"Wapi?"

Sinema iliendelea. Ikaja sura ya mwanamke kwa karibu, ikijaza shuka.

"Hiyo ni nini," akauliza, "ni mlango?"

"Ni uso wake."

"Mimi naona kitu kama kitasa." Alikuwa anaona tundu la pua. Alizungusha kichwa taratibu, kushoto, kulia, juu, akiutafuta uso kama mtu anayetafuta sindano kwa tochi. Alipoupata mdomo, picha ilikuwa imebadilika na mdomo haukuwepo.

Hapo maneno ya daktari yalinirudia yote kwa mpangilio wake. Kutoka pembeni kuelekea katikati. Mimi ninayehesabu mabomba kila siku ya kazi, ninayeweza kukuambia kipenyo kwa kugusa, sikuwa nimeelewa kwamba dada yangu alikuwa akitazama dunia kupitia bomba linalopungua. Picha ikiwa kubwa, kipande kinachoingia ndani ya bomba ni kidogo zaidi. Ndiyo sababu alikuwa akisogeza kiti nyuma. Alikuwa ameshapata jibu peke yake, na mimi nilikuwa nikimrudisha mbele kwa mikono yangu.

Nilizima projekta, nikaweka kompyuta juu ya mfuko wa mbolea mwisho kabisa wa ghala, nikarudi kukaa naye. Picha sasa ilikuwa ndogo kama kiganja.

"Sasa?"

"Sasa naona mtu mzima. Kama stempu." Alikaza jicho kwa muda. Machozi yalianza kumtoka, si ya kulia, ya jicho kuchoka. "Lakini sioni anafanya nini. Ni stempu imelowa."

"Tujaribu simu. Ama nisogeze kidogo."

"Zima, mtoto wa mama."

"Ningekuonyesha hii kwanza. Ile siku ya kwanza ungeona kila kitu."

"Ndiyo, ningeona." Hakulainisha. Halafu akasema, "Fungua mlango, hapa ni kama jeneza. Uniambie."

"Nikuambie nini?"

"Sinema. Yote. Na usiruke, wewe hupenda kuruka ufike kwa maana."

Nilifungua mlango na mwanga wa mchana ukaingia hadi magotini petu. Nikaanza na uwanda mweupe. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Nilikuwa nimezoea kueleza kwa nini sinema ni kuu: kwamba inatii sheria, kwamba umbali ndani yake ni umbali wa kweli, kwamba mashine zake zinachakaa. Hayo yote hakuyataka. Alitaka kujua mlango wa kituo unafunguka upande gani. Alitaka kujua mwanamke anakula nini, na anakula amesimama au ameketi. Nikisema "anapokea salamu," ananikatiza: kwa mkono gani, na sauti inatoka wapi, na je, anaacha kazi aliyokuwa nayo au anasikiliza akiendelea? Mara nyingi nilijua. Mara nyingine nilitambua kwamba nimeitazama miaka yote bila kuona.

Tulifika sehemu ambayo kwangu ndiyo kilele. Kwa dakika kadhaa hakuna neno wala muziki.

"Hapa hakuna anayesema," nikamwambia.

"Anafanya nini?"

"Amekaa. Anaangalia."

"Anaangalia nini?"

"Hatuonyeshwi. Tunaona uso wake tu."

"Uso ukoje?"

Nilijaribu. Nilisema umetulia. Nilisema hauna huzuni, kisha nikajisahihisha. Nilisema ni uso wa mtu anayesikiliza watu wakiongea chumba cha pili, nyumbani kwao, na hakuna haja ya kuingia. Nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nimeishiwa, na yeye akanyamaza pia. Ng'ombe alilia nje, hatukuinuka. Nadhani tulikaa hivyo kwa urefu uleule wa kimya cha sinema yenyewe.

Nilipomaliza kulikuwa kumeingia kiza na hakukuwa na gari la kurudi mjini. Alinipikia, kwa mikono inayojua kila sufuria ilipo, na hakuniuliza nimechambuaje hata nikaiweka hiyo juu ya zote. Tulipokuwa tukila akaweka kijiko chini.

"Huyo mama. Nguo yake ni rangi gani?"

Nilifungua mdomo nikakuta sijui. Niliinuka, nikawasha kompyuta, nikatafuta. "Ni kijani. Kijani iliyopauka."

"Ai. Mimi nilikuwa nimemvalisha nyekundu."

"Basi iache nyekundu."

"Si itakuwa imeharibika?"

"Haijaharibika."

Alifikiri kidogo. "Nyekundu, na sweta," akasema. "Huko kwa uwanda kuna baridi."

Jicho la kushoto lilifungwa wiki chache baadaye, mavuno yakiwa bado yanaendelea. Siku hizi Jumapili nakwenda bila kompyuta. Ya sita nimeshamweleza, na akasema ni mbuni, na alikuwa sahihi. Ila bado kuna nyakati, nikiwa peke yangu Skuta na ule uwanda mweupe ukifunguka mbele yangu, nageuka upande kuangalia kama anaona.

Projekta niliirudisha Jumatatu saa tano. Mwenye mali alikuwa mstaarabu lakini hakupunguza: shilingi elfu mbili mia tano za Jumapili, na nyingine kama hizo za siku ya pili. Sinema yenyewe ilionekana kwa dakika tisa. Nililipa shilingi elfu tano.